Ndege Namba 27 kwa Mbao ya Mninga: Tathmini ya Karakana ya Wachongaji wa Barabara ya Mikindani

Siku niliyokabidhiwa ndege niliyoagiza, kabla sijatazama mabawa wala propela, niliketi kwenye benchi la karakana nikaanza kuhesabu nyota. Zilikuwa nyota ndogo nyekundu, kila moja haizidi punje ya mtama, zimepangwa safu kwa safu ubavuni karibu na chumba cha rubani, nami nilizigusa moja moja kwa ncha ya sindano ili jicho lisirudie mstari mmoja mara mbili. Nilipata 60. Nilirudia, na fundi naye akahesabu, tukapata 60 sote wawili. Zilitakiwa kuwa 62, kwa kuwa kila nyota inasimama badala ya ndege moja ya adui iliyotunguliwa na Ivan Kozhedub, rubani wa Kisovyeti ambaye kwa hesabu rasmi alitungua ndege 62 katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, idadi ambayo hakuna rubani mwingine wa nchi Washirika aliyeifikia. Fundi hakubishana wala hakutafuta sababu. Aliirudisha ndege mezani akasema, "Mbili zilizobaki zitakuja kesho, Mwalimu. Mtu asipunjwe kazi yake."

Nimeanza na nyota hizo kwa sababu zinaeleza karibu yote niliyonayo juu ya karakana hii. Kazi yake haiwi kamili mteja anapoipokea mara ya kwanza, na anayeagiza anapaswa kwenda na jicho kali. Lakini mafundi wake wakielezwa maana ya kile wanachokichonga, wanakishika kwa uzito ambao sikuwahi kuupata kwa fundi mwingine yeyote niliyempa kazi hapa Mtwara. Ninaandika kwa ajili ya walimu wenzangu wa historia wa Mtwara na Lindi, pamoja na yeyote anayefikiria kuagiza kazi ya mbao iliyo nje ya mazoea ya wachongaji wetu, yaani nje ya sanamu za ujamaa, mashetani na vinyago vya mapiko.

Karakana yenyewe haina jina wala kibao. Iko kando ya barabara iendayo Mikindani, chini ya mikorosho miwili ambayo matawi yake yameshikana yakawa kama paa, na mtu huitambua kwa mlio wa tezo kabla ya kuiona. Ina fundi mmoja mzee na vijana watatu, mmoja wao akiwa mtoto wa dada yake, ambaye humwita "njomba" na ndiye anayepewa kazi za rangi kwa sababu mkono wake hautetemeki. Mteja hupewa kigoda, huulizwa habari za nyumbani, na kazi haizungumzwi mpaka salamu ziishe.

Nieleze kwa nini niliagiza ndege, na kwa nini ndege hiyo. Wanafunzi wangu wa sekondari wanaijua vita ile kupitia wazee wa koo zao waliochukuliwa na Waingereza katika jeshi la KAR, yaani jeshi lao la Waafrika wa Afrika Mashariki, na kupelekwa Bama (Burma) kupigana na Wajapani. Wengine wanajua pia kwamba bandari yetu na reli iliyowahi kwenda Nachingwea ni matunda ya mpango wa karanga, ambao Waingereza waliuanzisha vita ilipokwisha kwa sababu ya uhaba wa mafuta ya kula nchini kwao. Lakini upande wa mashariki wa Ulaya, ambako Umoja wa Kisovyeti ulipoteza watu wapatao milioni 27, kwao ni sentensi moja katika daftari. Nimefundisha sentensi hiyo kwa miaka mingi na nimeona haikai. Picha iliyochapishwa kwa wino mweusi ikipitishwa katika darasa lenye watoto zaidi ya 70 hufika dawati la mwisho ikiwa imechanika. Nilitaka kitu cha kushikwa kwa mikono miwili.

Ningeweza kumchagua Aleksandr Pokryshkin, ambaye naye alipewa mara tatu heshima kuu ya nchi yake, Shujaa wa Umoja wa Kisovyeti, na ambaye mbinu zake ziliwafundisha marubani wengi, Kozhedub akiwa mmoja wao. Ila sehemu kubwa ya ushindi wa Pokryshkin ilipatikana katika Airacobra, ndege ya metali iliyotoka Marekani. Kozhedub tangu siku yake ya kwanza vitani hadi ya mwisho aliruka katika ndege za mhandisi Lavochkin, ambazo sehemu kubwa ya kiwiliwili chake ilikuwa mbao. Kwa watu wa mkoa huu, ambao mtoto huzaliwa akikuta patasi ndani ya nyumba, niliona hilo ndilo jambo la kuanzia.

Nilikwenda karakana mwezi wa Septemba nikiwa na mchoro wa La-7, ndege ya Lavochkin aliyoimalizia vita Kozhedub, unaoonyesha ndege kutoka juu, ubavuni na mbele, niliouchapisha kwenye duka la kuchapisha karatasi kwa ukubwa ule ule nilioutaka. Ndege halisi ilikuwa na mabawa yenye upana wa mita 9.8 na urefu wa mita 8.6, nilichagua kuigawa kwa 20, hivyo yangu iwe na sentimita 49 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, na sentimita 43 kutoka pua hadi mkia. Huu ni ushauri wangu wa kwanza kwa atakayeagiza: usipeleke picha ya simu ukatarajia fundi akisie vipimo. Nilipomkabidhi mchoro, mzee aliutandika juu ya ubao, akaupima kwa rula yake ya chuma mara tatu, na tangu hapo hakuniuliza tena swali la ukubwa.

Alichokipinga ni mti. Mimi nilitaka mpingo, kwa sababu mpingo ndio unaotufanya tujulikane, naye alikataa kwa upole. "Mpingo ni mti wa kukaa, Mwalimu," alisema. "Bawa jembamba la mpingo litakatika kwa uzito wake wenyewe, au mtoto akiligonga litatoka vipande kama kigae." Alipendekeza mninga kwa kiwiliwili na mabawa, na mpingo ubaki kwa propela na kwa kitako cha kusimamishia. Nilikubali, na sasa ndege ikiwa mezani kwangu naona alikuwa na haki kabisa, kwa sababu mabawa yamechongwa yakawa membamba kuelekea nyuma kama ubapa wa kisu na bado hayajapata ufa.

Katika mazungumzo hayo ndipo nilipomweleza kwamba ndege anayoiiga nayo ilikuwa ya mbao, na kuanzia hapo kazi ikabadilika. Hakuamini mwanzoni. Nilimweleza kwamba Ujerumani ilipoivamia nchi ile tarehe 22 Juni 1941 ilichukua upesi maeneo makubwa ya viwanda, mashine za viwanda vingine zikang'olewa na kusafirishwa kwa treni kwenda mashariki, na aluminiamu ikawa adimu. Lakini misitu ilibaki. Mhandisi Semyon Lavochkin na wenzake walikuwa tayari na ndege iliyoitwa LaGG-3, iliyojengwa kwa tabaka nyembamba za mti wa nchi za baridi uitwao betula, zilizogundishwa moja juu ya nyingine, na katika sehemu zenye kubeba uzito walitumia mbao iliyoshindiliwa na gundi ya kiwandani kwa joto na nguvu hadi ikawa ngumu sana. Ilikuwa nzito na injini yake haikuitosha, na marubani hawakuipenda. Mwaka 1942 ikawekewa injini kubwa ya Shvetsov, yenye silinda 14 zilizopangwa kwa duara na kupozwa kwa hewa, ikawa La-5, na kutoka hapo ikazaliwa La-7 ya mwaka 1944, ambayo mihimili ya mabawa yake ilibadilishwa kuwa ya metali ili kupunguza uzito.

Mzee alisikiliza yote hayo akiwa ameshika kipande cha mninga, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: gundi yao ilistahimili vipi mvua na theluji? Nilijibu nilichokijua, kwamba mbao ziligundishwa kwa joto na kupakwa rangi nzito, na kwamba ndege zile zilihitaji kuangaliwa kwa makini. Akatikisa kichwa akasema kwamba basi nyuma ya rubani yule walikuwepo maseremala wengi ambao hakuna anayewataja. Nimeifundisha vita ile muda mrefu na sikuwahi kuwafikiria maseremala.

Ubora wa umbo ni mzuri kuliko bei yake. Pua ni nene na ya mviringo kama inavyopaswa kuwa kwa injini ya duara, na fundi amechonga mstari mwembamba unaoonyesha mahali ambapo kifuniko cha injini kinaungana na kiwiliwili. Mkia umesimama wima. Rangi ya kijivu juu na samawati chini imepakwa kwa tabaka nyembamba, kiasi kwamba ukiisogeza ndege kwenye mwanga bado unaona nyuzi za mninga chini yake; nilimwomba kijana asiongeze tabaka nyingine, kwa kuwa nilitaka wanafunzi waone mbao. Namba 27 imeandikwa kwa rangi nyeupe, na pua ni nyekundu. Ndege halisi yenye namba hiyo ipo hadi leo katika makumbusho ya jeshi la anga huko Monino, karibu na Moscow.

Chumba cha rubani ndicho kilichonishangaza zaidi. Kioo chake kimetengenezwa kwa chupa ya maji ya plastiki, iliyopashwa joto juu ya mshumaa na kubanwa kwenye kigingi cha mbao kilichochongwa kwa umbo la kifuniko, kisha ikakatwa kwa wembe. Kazi hiyo ilirudiwa mara nne kwa sababu plastiki ikizidi joto huingia ukungu. Ndani yake, ukiinamisha ndege, unaona kiti kidogo, na nyuma ya kiti kuna bamba lililokatwa kwenye bati la kopo, jembamba kama ukucha. Bamba hilo sikuliagiza. Liliwekwa kwa sababu ya hadithi moja niliyoisimulia siku ya pili nilipokwenda kukagua kazi, na ninaiandika hapa kwa kuwa bila hadithi hiyo mtu hawezi kuelewa kwa nini kipande cha kopo kina thamani.

Kozhedub alizaliwa katika kijiji cha Obrazhiyivka, katika nchi ya Ukraine ya leo, kwenye familia maskini. Hati zinasema alizaliwa tarehe 8 Juni 1920, ingawa yeye mwenyewe alikuja kueleza kwamba aliongezewa miaka miwili ili apate nafasi ya masomo, jambo ambalo mwalimu yeyote aliyewahi kusajili wanafunzi vijijini atalielewa bila kufafanuliwa. Alipenda kuchora tangu utoto. Alijifunza kuruka katika klabu ya ndege ya Shostka, akaenda chuo cha marubani wa kijeshi cha Chuguev, na vita ilipoanza hakupelekwa mstari wa mbele. Kwa kuwa alikuwa hodari alibakizwa kuwa mkufunzi, chuo kikahamishiwa mbali huko Kazakhstan, naye akaomba mara kwa mara aruhusiwe kwenda kupigana huku wanafunzi wake wakimtangulia. Ilimpasa angoje hadi mwishoni mwa mwaka 1942 apangiwe kikosi.

Pigano lake la kwanza lilikuwa tarehe 26 Machi 1943. Alipewa La-5 ya awali, nzito, yenye matangi matano ya mafuta na namba 75 ubavuni. Alipoteana na kiongozi wake, Messerschmitt ya Kijerumani ikamjia kutoka nyuma na risasi zake zikapiga. Bamba la chuma lililokuwa nyuma ya kiti ndilo lililomwokoa. Aliponusurika kwa Wajerumani, mizinga ya kutungulia ndege ya upande wake mwenyewe ikamdhania adui ikampiga tena. Akatua, na mafundi wa uwanjani wakahesabu matundu zaidi ya 50 katika ndege ile. Baada ya siku hiyo kulikuwa na mawazo ya kumwondoa katika urubani na kumpa kazi ya chini ardhini, na ni kamanda wa kikosi chake aliyemkingia kifua.

Nilipofika hapo mzee aliacha kupiga patasi. Aliniuliza bamba lilikuwa na ukubwa gani na liliegemea wapi, nami nikamwonyesha kwa mkono. Juma lililofuata nilikuta limekwisha kuwekwa. Kwa mtoto wa darasa la mwisho ambaye ataambiwa kwamba rubani mkuu kuliko wote wa upande wake aliianza vita kwa kupigwa mara mbili na karibu afukuzwe kazini, kipande kile cha bati kinasema mengi.

Yaliyofuata katika maisha yake ya vita nitayapitia kwa haraka, maana yanapatikana kwa urahisi. Ushindi wake wa kwanza ulikuwa tarehe 6 Julai 1943 katika vita vya Kursk, alipotungua Ju 87, ndege ya kudondosha mabomu kwa kupiga mbizi. Vuli ya mwaka huo, jeshi lilipokuwa linavuka mto Dnieper, alitungua ndege 11 katika siku 10. Akawa Shujaa wa Umoja wa Kisovyeti Februari 1944, akawa tena Agosti mwaka huo huo, na mara ya tatu Agosti 1945. Aliruka kwenda vitani mara 330, akapigana angani mara 120, na ingawa alirudi mara kadhaa na ndege iliyotobolewa, yeye mwenyewe hakutunguliwa hata mara moja. Alipiga kutoka karibu. Februari 1945 anahesabiwa kuwa alitungua Me 262, ndege ya jeti ambayo kwa mwendo ilikuwa inaziacha mbali ndege zote za propela.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulipitia haraka, kwa kuwa ndilo lililozaa mvutano pekee kati yangu na karakana. Mei 1944 Kozhedub alikabidhiwa ndege mpya aina ya La-5FN, namba 14, iliyokuwa na maandishi pande zote mbili. Ndege hiyo ilinunuliwa kwa fedha za mzee mmoja mfuga nyuki wa mkoa wa Stalingrad, Vasily Viktorovich Konev, aliyetoa akiba yake kwa kumbukumbu ya mpwa wake Georgy Konev, rubani wa cheo cha luteni kanali aliyeuawa vitani. Upande mmoja liliandikwa jina la mpwa, na upande wa pili jina la mzee aliyeitoa. Kozhedub aliruka nayo huko Rumania kwa muda mfupi tu, na katika siku saba alitungua ndege nane. Kisha ikapewa rubani mwenzake Kirill Yevstigneyev, na Kozhedub akahamishiwa kikosi kingine, ambako hatimaye alipata La-7 namba 27.

Hadithi hiyo niliisimulia karakana nzima ikisikiliza. Kwa Wamakonde mpwa si jamaa wa pembeni. Kwa desturi mtoto wa dada ndiye mrithi wa mjomba, na kijana wa rangi alikuwa amekaa hapo hapo karibu na njomba wake. Tena kusini yetu, kuanzia Liwale hadi Nachingwea, inajua nyuki na inajua kazi inayotakiwa mpaka ndoo moja ya asali ijae. Mzee alikaa kimya kwa muda. Halafu akasema, "Basi mzinga ndio ulionunua mzinga." Neno letu moja limebeba vyote viwili, mzinga wa nyuki na mzinga unaofyatua risasi, nami niliyekuwa nimeandika kwenye karatasi ya oda "mizinga ya milimita 20 juu ya injini" sikuwa nimeliona hilo mpaka aliponionyesha.

Niliporudi baada ya wiki mbili nilikuta kwenye kitako cha mpingo, chini ya bawa la kushoto, amechonga mzinga wa nyuki: gogo lililolala, lenye mfuniko wa duara na tundu dogo la kuingilia, urefu wake kama kidole gumba. Ulichongwa kwa ustadi ambao sitausahau. Lakini ulikuwa mahali pasipostahili. Ndege ya mfuga nyuki ilikuwa La-5FN namba 14, na mimi niliagiza La-7 namba 27. Mwanafunzi atakayeona mzinga chini ya namba 27 atajifunza jambo lisilo kweli, na likishaingia kichwani kwa njia ya kitu kizuri namna hiyo halitatoka. Nilimweleza hivyo. Hakukasirika, ila alisema kwamba mtu ni yule yule, na kwamba aliyepewa ndege kwa akiba ya mzee hawezi kuiacha shukrani ndani ya ndege moja akapanda nyingine mikono mitupu. Tulizungumza karibu saa nzima. Kwa upande wa maana nadhani alikuwa na haki, na kwa upande wa historia nilikuwa na haki mimi, na kazi yangu ni kufundisha historia.

Sasa kasoro. Niliahidiwa wiki tatu, nikapewa ndege baada ya wiki saba, kwa sababu msimu wa korosho uliingia katikati na mwezi wa Oktoba karibu kila fundi hapa ana mikorosho inayomngoja. Hilo silioni kuwa kosa la msimu, ni kosa la ahadi: fundi alijua Septemba kwamba Oktoba inakuja, na alipaswa kunitajia Novemba tangu mwanzo. Bawa la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia. Ukilitazama kutoka mbele kwa usawa wa jicho utaliona, ingawa wanafunzi hawajaliona. Vanishi iliyopakwa kwenye kitako inang'aa kupita kiasi, na ningependelea mpingo uachwe na mng'ao wake wa asili wa kusuguliwa kwa msasa na nta.

Kasoro kubwa zaidi ni miguu ya magurudumu. Ilichongwa kwa vijiti vyembamba mno na kushikizwa kwa gundi tupu bila kigingi, na siku niliyoichukua, ndege ikiwa mapajani mwangu ndani ya bajaji, mguu wa kulia ulikatika kabla hatujafika mjini. Nilirudi kesho yake nikiwa nimekereka. Mzee aliitazama, akakiri kwamba alifuata unene wa mchoro bila kukumbuka kwamba mguu wa ndege ile ulikuwa wa chuma, akachonga miguu mipya kwa mpingo na kuizamisha ndani ya bawa kwa kigingi. Hakunitoza kitu. Tangu hapo haijatikisika. Atakayeagiza kitu chenye sehemu nyembamba aseme mapema kwamba zitengenezwe kwa mpingo, na aombe sanduku la kubebea, kwa sababu karakana haina utaratibu wa kufunga mzigo. Mimi nilipewa gazeti na kamba ya katani.

Nililipa shilingi 180,000, nusu mwanzoni na nusu wakati wa kupokea. Si fedha ndogo kwa mshahara wa mwalimu. Kwa kulinganisha, nilikuwa nimewahi kuulizia ndege ya plastiki ya kuunganisha kutoka nje ya nchi, na gharama ya kuisafirisha hadi Mtwara pekee ilikuwa inazidi bei ya ndege yenyewe, tena ingekuja ndogo ya kutosha kiganja, na mtoto asingeruhusiwa kuigusa. Hii ya mninga wanaigusa. Nimewaona wakipitisha vidole juu ya bawa taratibu, kisha wanauliza swali lile lile la kila darasa, iweje ndege ya mbao isiungue, nami najibu kwamba iliungua, na wengi walikufa ndani yake.

Zile nyota mbili zilipakwa siku iliyofuata kama nilivyoahidiwa, mimi nikiwepo. Kijana alitumia unyoya mmoja wa kuku uliochongwa ncha kwa wembe. Akiwa anasubiri rangi ikolee aliniuliza mbili hizi ni za siku gani, na niliweza kumjibu, kwa sababu ya 61 na ya 62 zina tarehe yake: 17 Aprili 1945, karibu na Berlin. Kozhedub na mwenzake Dmitry Titarenko walikutana na ndege za Kijerumani aina ya Fw 190 zipatazo 40 zikiwa zimebeba mabomu kuelekea kwa wanajeshi wa Kisovyeti. Wao walikuwa wawili. Walipanda juu, wakajificha nyuma ya mawingu, wakazishukia kutoka nyuma, na Kozhedub akatungua mbili. Hazikupita wiki tatu Ujerumani ikasalimu amri. Kijana alipaka ya kwanza, akapuliza, akapaka ya pili, kisha akamwita njomba wake aje ahesabu.

Kuhusu mzinga tulielewana hivi. Utabaki kwenye kitako cha namba 27 mpaka ndege ya pili itakapokuwa tayari, na kwa sasa nimebandika karatasi inayoeleza kwamba ni wa ndege nyingine ya rubani yule yule. Ndege ya pili ni La-5FN namba 14, nimekwisha kuiagiza kwa bei ile ile, majina ya mjomba na mpwa yataandikwa pande zote mbili kwa herufi za Kirusi nilizomchorea kijana kwenye karatasi, miguu itakuwa ya mpingo tangu mwanzo, na safari hii nimeambiwa niifuate Januari, korosho zikishaisha.